Sindano Moja ya Gunia

Jumanne, 6 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Cherehani imelala, mimi nimekaa. Wateja wawili tu leo: mmoja kaja kujikinga mvua, mwingine kaja kumtafuta wa kwanza.

Mchana Alex kafika kwa pikipiki, matope hadi kwenye meno. Huyu Alex anapandisha wageni mlimani Hanang pamoja na Modest, kwa bosi mmoja wa Katesh — bosi huyohuyo ninayemshonea mahema yakichanika. Nimemkaribisha kiti. Kakataa. Kasema Modest hajashuka.

Alipanda Jumamosi, peke yake. Wiki iliyopita wageni walikimbia baridi, wakaacha hema kambi ya juu, bosi akamtuma Modest akalilete. Kwenda na kurudi, kwa miguu ya Modest, Jumapili jioni yuko kwake anakula. Leo Jumanne. Vijana wa kijiji wamezunguka msitu wa chini jana na leo wakiita. Hawakuitikiwa.

Nimeuliza bosi kasemaje. Alex kaangalia pikipiki yake. Bosi kauliza kama hema liko salama.

Naandika kama nilivyosikia. Sijaongeza chumvi.

Wanapanda keshokutwa. Wanamsubiri Mzee Gidamis arudi malishoni, maana tangu lile poromoko la tope la mwaka juzi mlima umebadilika, makorongo yamehama, na yeye tu ndiye anayajua mapya. Wako watatu. Wanataka mtu wa nne wa kubeba. Hakusema kubeba nini.

Nimesema naenda. Nina miaka hamsini na nne na goti moja zuri. Lakini Modest ndiye mtu pekee anayekuja dukani kwangu bila nguo ya kushona — anakaa tu kwenye ile ndoo ya rangi, ananikosoa.

Mke wangu Justina kasema nina wazimu. Halafu kaenda kuchemsha mayai.


Jumatano, 7 Mei 2025

Leo nimefunga vifaa.

Mwaka jana nilipanda na Alex kuziba hema la wageni, nikabeba mfuko mzima: mkasi, nyundo, koleo, uzi marobota manne. Alex akanipigia kelele mbele za wapagazi: "Mzee Ignasi, unahamia huko? Mbona kitanda umesahau?" Walicheka hadi wageni, na wageni hawajui Kiswahili. Nikaapa. Safari nyingine vyote vitaingia kwenye kopo la kiwi. Lile kubwa, sawa. Lakini kopo la kiwi.

Vimeingia! Penseli nimeikata nusu nikaizungushia uzi — wa viatu chini, wa nguo juu, wote nimeupitisha kwenye nta usioze na maji. Imenenepa kama imevaa koti. Viraka viwili vya turubai, pembe nimezikata mviringo, maana kiraka huanza kubanduka kwenye pembe. Kichwa kimoja cha zipu. Zipu haifi meno, inakufa kichwa, kama watu. Pini, nusu wembe ndani ya karatasi, waya kidogo. Sindano nimezichomeka kwenye kipande cha kandambili: moja ndogo ya nguo, na moja ya gunia, ile fupi iliyopinda. Kopo nimelivisha ukanda wa tyubu ya baiskeli lisifunguke njiani. Ukanda wenyewe nao ni akiba. Kiberiti cha gesi ndicho kilichogoma kuingia, hicho nimekizungushia selotepu pana, kitakaa mfukoni. Alex akiuliza, kiberiti si kifaa.

Nilikuwa nalibonyeza kopo lifunge, Fabiola akaingia. Mke wa Modest. Akakaa kwenye ndoo ya mumewe. Hakulia. Kafungua kitambaa, ndani kifungo cheusi.

"Baba Zita," kasema, "hiki kilidondoka kwenye koti lake Jumamosi. Cha kifuani. Nimekiona mlangoni ameshaondoka. Ukimkuta umshonee hukohuko. Anaonaga baridi ya kifua."

Kifungo kikaingia kwenye kopo.

Hapo Justina akatoka ndani na sindano ya gunia ya pili. Kaiweka mezani, karibu na kopo, karudi jikoni.

Najua maana yake. Mama yangu kule Tlawi alishona shuka la babu, na ile sindano ikaingia kaburini na babu. Ikishamshona mfu haimshonei tena mzima. Mtu wa kwetu akienda kumchukua aliyekufa anabeba mbili, moja ya yule, moja ya wanaorudi. Na Fabiola ni mtoto wa Tlawi. Aliitazama sindano. Akanitazama mimi.

Nikasema kwa sauti, "Mama Zita, hii ina kutu." Nikaitia kwenye droo.

Haina kutu hata chembe.

Fabiola alipoondoka Justina kasimama mlangoni. "Umemfurahisha mwenzio. Na ikitokea, utashona na nini?" Nikamwambia namkuta mzima. Akasema, "Haya." Haya ya Justina ni ndefu kuliko hotuba.

Jioni nimefungua droo, nimeifunga. Nimeifungua tena. Kopo lina nafasi, nimejaribu, inaenea. Lakini nikiibeba nimeshamzika. Nimemwambia yule mama naenda kushona kifungo. Siwezi kumdanganya kwa mdomo na kwa kopo pia.

Imebaki kwenye droo.


Alhamisi, 8 Mei 2025

Kambi ya juu. Naandika ndani ya hema, daftari nimelitoa kwenye mfuko wa sukari.

Tuliondoka giza giza. Shikamoo kwa Mzee Gidamis, "Marahaba, goti linasemaje?" Habari za goti langu zimefika malishoni kabla yangu. Mzee huyu ni Mbarabaig, ametembea mlima huu akitafuta ng'ombe waliopotea tangu hajaota ndevu. Shuka moja, kofia, fimbo, makatambuga ya tairi. Alex anavaa laki tatu za nguo na ndiye anayetetemeka.

Wa tatu wao ni Bura, mdogo wake Modest. Mkubwa wa mwili, mdogo wa maneno. Begani kamba ndefu na turubai la bluu limekunjwa. Hakuna aliyemuuliza la nini.

Hatujamaliza hata mashamba ya mwisho kiatu cha Alex kikafungua mdomo. Kiatu cha Ulaya, kaachiwa na mgeni — sasa najua kwa nini mgeni alikiacha. Nikakaa juu ya jiwe, nikatoa kopo, waya matundu mawili, ukanda wa tyubu juu yake, kaza. Alex kachungulia.

"Mzee Ignasi, hilo kopo au supamaketi?"

"Kitanda tu ndicho kimekosekana."

Mzee Gidamis kacheka hadi kashika fimbo kwa mikono miwili. Bura naye meno yalionekana kidogo. Ndicho kicheko cha leo, hakuna kingine.

Juu ya msitu ukungu. Unaona mkono wako, huoni wa mwenzio. Tunaita: Modeeest! Tunanyamaza. Tunasikiliza. Kuita hakuchoshi. Kunyamaza ndiko kunachosha.

Kambini majivu ya moto mdogo, maganda ya viazi. Hema la bosi halipo. Kwa hiyo alifika. Alilichukua. Alianza kushuka.

Hakuna aliyesema hivyo. Tumekula mayai ya Justina, kila mtu akiwa amefanya hesabu yake.


Ijumaa, 9 Mei 2025

Tumempata. Saa tano hivi. Mzee Gidamis alimwona kwanza, akavua kofia.

Korongo jipya, ukingo umemeguka. Hema la bosi mgongoni bado.

Sina zaidi.


Ijumaa hiyohiyo, jioni

Ninayo zaidi.

Bura alishuka korongoni peke yake. Alitukataza kwa mkono. Akakaa na kaka yake muda mrefu, sisi tukatazama ukungu. Halafu akaita, "Fundi." Si sisi wote. Mimi.

Alex alipanda kutafuta mtandao, akampata mwenyekiti wa kijiji. Polisi wanataka picha, kawatumia. Wamesema njia ya juu imekatika kwa mvua, wao na watu wa machela watasubiri ukingoni mwa msitu, tumshushe hadi pale kama tunaweza. Kama tunaweza! Na Fabiola wameshamwambia. Alex kasema kwenye simu alisikia sauti, halafu haikuwa sauti.

Nilianza na kifungo. Mikono ilitaka kazi ndogo kabla ya kubwa. Sindano ya nguo, uzi mweusi, matundu manne, nikapitisha kwa msalaba, nikazungusha shingo ya kifungo mara tatu kisilegee. Koti lilikuwa limeloa, kifua chake baridi kweli. Nilitaka kumwambia, mkeo kakutumia. Pengine nilisema. Bura alinitazama.

Nilipokata uzi Mzee Gidamis kanishika kiganja. "Hiyo ni yake sasa." Kaitoa sindano vidoleni mwangu, kaichomeka kwenye ukosi wa koti, ndani, isionekane. Sikubisha. Babu zake na babu zangu Wairaqw waligombania kila ng'ombe wa nchi hii. Kumbe kuhusu sindano walikubaliana.

Halafu la pili. Turubai la bluu ni la plastiki, mwamba mmoja unalichana. Hema la bosi lina nguvu. Tumemlaza ndani yake. Bosi atapata hema lake salama. Lina mtu.

Sindano ya gunia. Mikono yangu inajua mshono mmoja wa kazi kubwa, ule wa magunia ya mahindi: ruka, vuta, ruka, vuta. Ilienda yenyewe. Nilikuwa nimefika magotini, Bura akasema taratibu, bila hasira hata kidogo:

"Fundi. Usimshone kama mahindi."

Nikaangalia. Kweli. Masikio mawili ya gunia kwenye miguu, kama yanayopangwa mnadani Katesh.

Nikafumua yote. Nikaanza upya, mishono midogo ya karibu, ile ninayoweka kwenye shati la bwana harusi. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna aliyeniambia niharakishe. Modest mwenyewe angekuwa kwenye ndoo yake angesema, leo umejitahidi. Uzi umekwenda! Penseli imevuliwa koti, mbao inaonekana.

Uso Bura kaomba uachwe wazi kwanza. Nimeacha. Mzee Gidamis kasema ukifungwa uso, sindano itabaki naye. "Kwa sasa itunze wewe. Isiguse kitu kingine."

Nimeichomeka kwenye kandambili. Ndani ya kopo imekaa yenyewe tu. Inang'aa.


Jumamosi, 10 Mei 2025

Saa kumi na mbili jioni, mwanga bado upo kidogo. Nitaandika sasa, sijui kesho mikono itakuwaje.

Tumebeba tangu asubuhi. Kamba mbili chini yake, mikanda minne mabegani. Bura mbele, anabeba kama watu wawili. Mzee Gidamis haonekani kuchoka, na mimi natumia goti zuri kwa kazi ya yote mawili. Alex alikuwa ameloa tangu juzi. Kiatu nilichomfunga kinashika soli lakini maji yanaingia yakipenda. Mchana alianza kutetemeka. Saa tisa akaacha kutetemeka, nikadhani afadhali, Mzee Gidamis akasema hapana, hiyo ndiyo mbaya. Alex akaanza kuwaambia wageni waende polepole, wanywe maji. Hakuna wageni.

Tukasimama kwenye kitambarare. Tukasimamisha hema letu la zamani, tulilopanda nalo. Modest tukamweka kando ya mwamba, tukamfunika kwa turubai la bluu.

Upepo ukaja kama mtu anayetudai. Turubai la bluu likaondoka kuelekea Singida bila kuaga. Hema letu likashika, likashika, halafu mshono wa mgongoni ukaachia — kraa! — kutoka juu hadi mlangoni. Urefu wa mtu. Mvua ikaingia ndani kama imekodi.

Selotepu haishiki kitu kilicholowa. Pini zilishika kidogo, zikanyooka moja baada ya nyingine. Bura na Mzee wakashikilia kwa mikono, Alex katikati amelala, midomo rangi ya majivu. Mikono ya watu haiwezi kushikilia hema hadi asubuhi. Na Alex asingefika asubuhi. Hili halihitaji daktari.

Nikatoa kopo.

Bura akaliona. "Fundi, hiyo si ya kaka?"

Nikalifunika kwa kiganja.

"Kama ndiyo hiyo, mimi nalala nje na yeye," kasema. "Na kesho sibebi na mtu aliyelala humu. Mnisamehe. Siwezi."

Hakuwa anatisha. Alikuwa anaomba. Ndiyo shida yenyewe, mtu akikutisha unaweza kumjibu. Bila Bura Modest habebeki, sisi wawili wazee na mgonjwa mmoja tutamwacha hapa na Fabiola yuko chini. Bila kushona, Alex.

Mzee Gidamis alikuwa anaangalia mvua.

Nikasema, "Bura, unaniona mtoto? Ya kaka yako nimeiweka mbali. Ya kwetu iko kwenye begi."

Bura kapumua. "Na kweli," kasema, kajijibu mwenyewe. "Fundi gani anatembea na sindano moja."

Nikachukua begi na kopo nikaenda nyuma ya jiwe kama mtu anayekwenda haja. Nikaitoa ileile ya Modest. Inang'aa ile, waliiona jana wote. Nikaisugua na mchanga, nikaipaka nta ya kwenye uzi, nikaiweka kwenye moto wa kiberiti, kiberiti kinazimika, nawasha, kinazimika. Ikawa nyeusi. Kwa nta, kwa moto, na Baba Yetu moja niliyoisema haraka mno.

Nikarudi na sindano nyeusi.

Ya jana inang'aa, ya leo nyeusi. Sindano mbili. Bura hata hakuangalia mara ya pili.

Nimeshona. Uzi mara mbili, mishono ya gunia safari hii, haina haja ya uzuri. Vidole sivihisi, nilijichoma nikajua kwa kuona damu. Hema limefunga. Bura kamvua Alex nguo mbichi, kamkumbatia kama mtoto chini ya blanketi, anampumulia shingoni. Rangi inarudi. Sasa hivi ameuliza kama kuna chai.

Wamejilaza wote chini ya mshono ule. Mimi pia. Mzee Gidamis peke yake kakaa mlangoni, mgongo nje kidogo, mvua inampiga bega. Nimemwambia, Mzee, ingia vizuri, pana nafasi. Kasema panamtosha.


Jumapili, 11 Mei 2025

Asubuhi. Mvua imekatika. Naandika na wananisubiri.

Alex amesimama mwenyewe. Kauliza kama yai limebaki, akaniita supamaketi, akakohoa, akakaa tena. Bado dhaifu, lakini yuko kwetu. Bura alikoroma, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kaamka kaniambia, "Fundi, umetuokoa." Afadhali angenitukana.

Ukingo wa msitu unaonekana. Moshi, watu, machela. Alex kapiga simu: polisi wapo, padri hajafika, Fabiola yupo na akina mama tangu alfajiri. Wametuona. Kuna kanga moja nyekundu inayosogea sogea mbele ya wengine, wanaishika, inasogea tena.

Mzee Gidamis kafunua uso wa Modest kidogo, kaufunika. "Ufungwe hapahapa," kasema. "Mke asimwone hivi." Bura kainama, kamwambia kaka yake kitu kwa Kiiraqw ambacho sitakiandika. Akanyanyuka. "Maliza, fundi."

Nikafungua kopo kidogo. Nikalifunga.

Wakati huohuo Bura kanyanyua kamba yake, na mkanda wa bega umeliwa na miamba, umebaki nyuzi mbili. Akaukagua kwa kidole. Kasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga kazi isichelewe:

"Basi wewe mfunge kaka kwa ile yake. Mimi nipe ile nyeusi, nishone mkanda wangu mwenyewe. Tutaokoa muda."

Kakaa kwenye jiwe, mkanda magotini, mkono wazi.

Nimewaambia wangoje. Nimesema polisi watataka saa na mahali, lazima niandike kabla sijasahau. Wamekubali. Watu wanaheshimu daftari. Naandika saa: mbili na robo. Mahali: hapa.

Nikitoa nyeusi nikashona uso nayo, Bura ataiona, naye alilala chini ya mshono wake usiku kucha amemkumbatia Alex. Nikimpa yeye, kaka yake atafungwa na nini? Nimefikiri kuisugua ing'ae tena. Hapo nyeusi itakuwa wapi? Ya pili ya kweli iko kwenye droo dukani kwangu Endasak, haina kutu.

Uzi wa mwisho nimeutoa kwenye penseli. Umelala kwenye goti langu, lile zuri. Penseli tupu inaandika vizuri kuliko jana.

Mzee Gidamis kaja kukaa karibu yangu. Bega lake bado limeloa. Kasema chinichini, Bura asisikie, "Ignasi. Nilikuona ukilifunga kopo lile Ijumaa. Lilikuwa na sindano moja."

Sikumwangalia.

"Unasubiri nini?" Bura anaita. "Wanatuona wale. Shemeji anatuona."

Chini wamemwachia ile kanga nyekundu. Inapanda. Inapanda haraka, haifuati njia, na sasa nasikia anaita, "Baba Zita! Baba Zita!"

Mzee amenyoosha mkono apokee kopo. Bura hajaushusha wake.

Nimefungua kopo mbele yao wote, waone ni moja.